Hili si ghala: jengo la pombe la Kirumba

Ukipandisha kutoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, baada ya wauza nyavu na kabla hujafika kwenye mashine ya kusaga, kuna jengo la mawe lenye mabati yaliyokwisha kuwa mekundu kwa kutu. Asubuhi vijana wanaobeba magunia ya dagaa hutua mizigo yao na kuegemea ukuta wa magharibi, kwa sababu hapo pana kivuli. Karatasi aliyouziwa mwenye jengo inasema ni ghala. Mtaani nako watu wanaliita ghala, maana kwa miaka mingi wamelijua likiwa na nyavu na makasha ya samaki.

Mimi ni fundi mwashi. Mwenye jengo aliniita niangalie kama kuta zinafaa kuachwa, ili ndani agawe apate fremu za maduka. Kuta zinafaa sana. Ni mawe ya jabali letu la Mwanza, yamechongwa kwa nyundo na mtu aliyejua kazi, na kwenye pembe timazi inashuka bila kuacha hata upana wa kucha. Msingi umekaa juu ya mwamba wenyewe. Ukuta wa namna hiyo ukiubomoa leo, huna pesa ya kuujenga tena.

Ila nilimwambia jambo jingine pia, na hilo ndilo ninaloliandika hapa kwa urefu. Hili halikuwa ghala. Kilikuwa kiwanda cha pombe, na wenye kazi walikuwa kina mama wa Kirumba, mmoja wao bibi yangu mzaa mama.

Anzia sakafuni. Fundi akitaka kujua sakafu imelalaje, anamwaga ndoo ya maji halafu anasubiri. Nilimwaga karibu na mlango, maji yakaondoka. Nikamwaga kona ya mbali, nayo yakaondoka, yakaenda kukutana na yale ya kwanza kwenye mfereji mwembamba unaopita katikati ya jengo, upana wa kiganja, uliopigwa niru laini kabisa. Mfereji unaishia kwenye tundu lililotoboka ukutani upande wa ziwa. Ghala la pamba, na Mwanza tumejaliwa maghala ya pamba, linajengwa kwa kuogopa maji: sakafu inainuliwa, inalala sawasawa, na hakuna mtu anayechonga mfereji katikati ya mahali atakapoweka marobota. Aliyemwaga sakafu hii alijua kwamba kila siku kutakuwa na maji ya kuosha, machicha ya kusukuma na pombe iliyomwagika, na alitaka vyote vitoke nje vyenyewe.

Halafu tazama juu. Paa lina sehemu ya katikati iliyoinuliwa kidogo juu ya mabati mengine, ikaachwa nafasi urefu wote wa jengo. Kenchi chini yake ni nyeusi, weusi wa moshi uliokaa miaka hadi ukawa kama lami. Ukipaka chokaa juu ya masizi ya namna hiyo, baada ya mvua mbili tatu yanatokeza tena. Ndivyo ilivyokuwa ukuta wa nyuma. Waliolitumia baadaye walipaka chokaa mara kwa mara, na kila mara masizi yakarudi, kwa mpangilio: doa, nafasi, doa, nafasi. Kila doa ni jiko.

Nilikwangua sakafu chini ya madoa hayo. Chini ya tabaka jembamba la saruji ya juzijuzi kuna mafiga yaliyojengwa kwa mawe na udongo, nusu duara, yamepangwa mstari. Nilipima kwa futi. Mengine yana upana wa chungu cha kawaida cha kupikia pombe. Mengine yamevunjwa upande mmoja yakapanuliwa, na upana wake mpya unakaribia sentimita 60. Pipa la mafuta la lita 200 lina kipenyo cha sentimita 58 hivi. Hapo palipikwa kwa vyungu kwanza, halafu mapipa ya chuma yakaingia mjini, na kina mama wakavunja mafiga yao kuyapokea. Mtu wa ghala hana habari na kipenyo cha pipa.

Mimi sinywi pombe. Nimelelewa Sabato na bado ni Sabato. Nalisema hili mapema ili asitokee wa kudhani ninatetea kileo. Ninachotetea ni kazi. Nimeiona ikifanywa nikiwa mtoto, na nimechoka kusikia ikisemwa kana kwamba wanawake wale walikuwa wakikoroga tu maji machafu.

Bibi alitumia mtama mwekundu. Aliupenda kwa sababu shambani ndege hawaufuati sana, una ukakasi, na kwenye pombe unatoa rangi nzuri. Aliloweka kutwa na usiku, akamwaga maji, akaupakia kwenye gunia la katani, akalifunika na kulinyunyizia maji asubuhi na jioni. Ukifungua gunia siku ya tatu unakuta joto linakupiga usoni na harufu ya kitu kibichi kama majani yaliyokatwa. Kila punje imetoa mzizi mweupe na mizizi imeshikana. Hapo ndipo ilipo siri yote. Punje inapoota inatengeneza vitu vya kuvunja wanga uwe sukari, ili mmea mchanga upate chakula. Mpishi wa pombe anaiachia punje ianze kazi hiyo, kisha anaikatiza kabla haijala sukari yenyewe.

Kuikatiza ni kuikausha, na hapa Kirumba tulikausha juu ya majabali. Jabali linapokea jua mchana kutwa na kuhifadhi joto hadi magharibi, kwa hiyo kimea kinakaushwa juu na jua, chini na jiwe. Bibi alikuwa na jabali lake nyuma ya nyumba, lenye mgongo mpana, na kila mama alikuwa na lake. Haikuandikwa popote, lakini usingeanika kwenye jabali la mwenzako bila kuomba. Mimi na binamu yangu tuliwekwa kulinda kuku na kutazama mawingu. Mvua ya ziwani haina hodi. Tukiona Ukerewe imefunikwa, tulipiga kelele na watu wazima wanakuja mbio na maturubai.

Kimea kikikauka kinasagwa, si laini sana. Halafu unakuja uji. Unapikwa kwenye pipa, wa mahindi au wa mtama usiooteshwa, unakorogwa kwa mwiko mrefu kama kasia hadi unaiva, kisha unaachwa upoe. Upoe kiasi gani? Bibi alichovya kidole mara tatu harakaharaka. Mara ya tatu kikishindwa, bado. Kikivumilia, anamwaga kimea. Nilikuja kumuuliza mwalimu wa kemia miaka mingi baadaye akanieleza kwamba kimea kinafanya kazi vizuri kwenye nyuzi joto sitini na kitu, na kikikutana na uji unaokaribia kuchemka kinakufa, uji unabaki uji. Bibi alikuwa akipima hizo nyuzi kwa kidole na alipata siku zote.

Baada ya muda mfupi pipa zima linageuka tamu. Hiyo ni togwa, na ndiyo siku yetu watoto: kila mmoja kata yake, tunakunywa hadi matumbo yanauma. Kesho yake anatia chachu ya pombe iliyotangulia, na pipa linaanza kuongea lenyewe, povu linapanda, sauti ya mapovu unaisikia ukiwa mlangoni. Siku inayofuata anachuja. Machicha wanapewa nguruwe wa majirani, au yanasukumwa kwenye mfereji ule.

Na pombe hiyo haisubiri. Leo nzuri, kesho kali, keshokutwa siki. Bia ya chupa ina hopsi, maua machungu, za kuilinda, imechujwa ikawa safi, imepashwa moto ndani ya chupa kuua vijidudu, kwa hiyo inaweza kukaa miezi na kusafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam. Pombe ya mtama imejaa uhai hadi inaingia mdomoni, nayo inaendelea kuchacha kwenye kata. Huwezi kuipika Kirumba ukaiuza Shinyanga. Ndiyo maana jengo lina umbo hili: nyuma mafiga, mbele vibaraza vya mawe vya kukalia, na katikati mfereji. Mpishi na mnywaji walitenganishwa na hatua kumi, kwa sababu pombe yenyewe isingeruhusu zaidi.

Ndiyo maana pia walipika kwa zamu. Wote wangepika siku moja, wote wangemwaga siku moja. Kwenye nguzo za ndani, chini ya chokaa, nilikuta namba zimeandikwa kwa rangi nyeusi, moja hadi kumi na mbili. Hivyo vilikuwa vizimba. Kila mama na namba yake, jiko lake, na siku yake ya kufungua pipa. Bibi alikuwa namba 4. Hadi anazeeka, wanywaji wa zamani wakikutana naye njiani walimwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka mayu, Namba Nne," naye aliitika bila kuona vibaya, maana namba hiyo ilikuwa leseni yake.

Kuhusu leseni lazima nieleze, kwa sababu bila hiyo jengo lisingekuwepo. Wakati wa Mwingereza, sheria iligawa vinywaji kwa rangi ya mnywaji. Bia ya chupa, mvinyo na vinywaji vikali vilihesabiwa vya Wazungu. Mwafrika alibakiziwa iliyoitwa pombe ya kienyeji, na mjini hata hiyo hakuruhusiwa kuipika na kuinywa popote atakapo. Inywewe kilabuni, kwa saa zilizopangwa, mahali ambapo askari anaweza kuchungulia na karani anaweza kukusanya ushuru. Karibu na mlango wa jengo letu kuna dirisha dogo, chini mno kwa mtu aliyesimama, la saizi ya kupitisha mkono. Mwenye jengo alidhani ni la hewa. Ni dirisha la karani. Bibi alilipa hapo kila siku yake ilipofika, kwa hesabu ya debe, kabla hajaruhusiwa kumwaga kata ya kwanza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili masharti ya rangi yalianza kulegezwa, na Uhuru ulipokuja mwaka 1961 yakawa historia. Vilabu vyenyewe viliendelea. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 bado iliweka kilabu cha pombe kwenye fungu lake, na leseni yake na saa zake. Bibi aliniambia usiku wa Uhuru walipewa ruhusa ya kupitiliza saa, na kabla ya saa sita usiku vizimba vyote kumi na viwili vilikuwa vimekauka. Walicheza ngoma hadi kwenye barabara. Aliyekuwa karani alifunga dirisha lake akaja kucheza.

Sasa nitoke nje ya Kirumba kidogo. Ukilizunguka ziwa hili unakutana na viwanda vya bia kila upande, na si ajabu, maana bia kwa sehemu kubwa ni maji na hapa maji yapo. Upande wa Uganda kuna Port Bell, ambako Uganda Breweries ilianzishwa mwaka 1946, na bia yao ya Bell imebeba jina la bandari hiyo. Kuna Nile Breweries pale Njeru, ng'ambo ya Jinja, karibu na Mto Nile unapotoka ziwani. Kisumu kilifunguliwa kiwanda mwaka 1982, kikafungwa, kisha kikazinduliwa upya mwaka 2019 kutengeneza bia ya mtama. Ndiyo, mtama. Hapa kwetu Mwanza kampuni ya bia ya Tanzania Breweries (TBL) ilijenga kiwanda miaka ya 90, baada ya serikali kuingia ubia na South African Breweries mwaka 1993, na kanda nzima inaijua bia yake ya Balimi.

Historia za viwanda hivyo zinajulikana hadi na walevi. Muulize mnywaji yeyote wa Tusker, atakuambia kwamba kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili wa Hurst, na kwamba George aliuawa na tembo mwaka uliofuata, ndipo ndugu yake akaipa bia jina la kumkumbuka tembo yule. Ni hadithi nzuri na siipingi. Lakini inaniuma kwamba mtu wa Kirumba anamjua mzungu aliyeuawa na tembo miaka mia moja iliyopita, na hajui jina la mama hata mmoja aliyepika kwenye jengo analoliegemea kila asubuhi. Kama kiwanda ni mahali nafaka inapoingia na kinywaji kinatoka, chenye wafanyakazi, zamu, leseni na kodi, basi hiki kilikuwa kiwanda kabla ya vyote hivyo kufika Mwanza.

Kwa nini karatasi zikasema ghala? Naona njia yake wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 70 serikali ilivunja halmashauri kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na mamlaka za miji zilirudishwa mwaka 1978. Katikati hapo, majengo mengi madogo ya halmashauri yalibadilisha mikono, na kilabu chetu kikawa hakina karani. Kina mama waliendelea kupika, wakachangishana wenyewe kununua mabati. Baadaye Mwanza ikawa jiji, na mwaka 2012 Ilemela ikawa manispaa inayojitegemea, Kirumba ikiwemo. Kila hatua karatasi zinahamishwa, na anayehamisha anaandika anachokiona siku ile. Siku ile aliona nyavu.

Enzi kubwa ya jengo hili ilikuwa katikati ya misukosuko hiyo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Ikaja vita na Idi Amin, ikaja miaka ya foleni. Sisi wa umri wangu tunaikumbuka: sabuni kwa kujuana, sukari kwa kibali, na unga wa njano tuliouita unga wa Yanga. Bia ya chupa nayo ikaadimika. Uliipata kama unamjua mtu, na lazima uende na chupa tupu mkononi. Hapo ndipo makarani, mabaharia wa meli za ziwani, wafanyakazi wa reli na hata walimu, watu waliokuwa wakipita kilabuni wakitazama pembeni, waligundua njia ya kwenda Kirumba. Mjomba wangu alikuwa kijana wakati huo, anasema vibaraza havikutosha, watu walikalia ngazi na majabali ya nje, na suti zilikaa karibu na kaptula za wavuvi. Bibi alisomesha watoto wake watatu wa mwisho kwa miaka ile. Ada, daftari, viatu vya Bora, vyote vilitoka kizimba namba 4.

Kulikuwa na vipindi vya kufungwa pia. Kipindupindu kilipoenea nchini mwishoni mwa miaka ya 70, vilabu vilikuwa vya kwanza kufungwa, na kina mama walikaa bila kipato hadi amri ilipoondolewa. Nafaka ilipopungua walitazamwa vibaya, kwamba wanageuza chakula kuwa pombe. Bibi alikuwa na jibu la hilo, kwamba mtama ulioota ndio uliomnunulia mahindi, lakini jibu hilo halikusikilizwa na wakubwa.

Nisipokuwa mkweli kuhusu upande wa pili, niliyoandika yote hayatakuwa na maana. Nje ya jengo, upande wa barabara, kuna jiwe refu ambalo wanawake wa wavuvi walikalia siku za malipo. Walikuja kungoja waume zao kabla pesa haijaisha. Wengine walirudi na nusu ya mshahara, wengine hawakupata kitu, wengine walipigwa mbele za watu. Mama yangu aliyaona hayo akiwa msichana akibeba maji ya mamake, na ndiyo yaliyompeleka Sabato. Yeye na bibi walibishana juu ya jambo hili maisha yao yote, kwa heshima, lakini bila mmoja kumwachia mwenzake. Mama alisema: "Ada yangu ililipwa na watoto wa watu waliolala njaa." Bibi alinyamaza, kisha akasema yeye hakuwahi kumuuzia mtu ambaye mkewe ameshakaa kwenye lile jiwe. Namwamini. Sidhani vizimba vyote viliishi kwa kanuni hiyo, na mama hakukosea kuuliza.

Mwisho wake ulikuja polepole. Sangara alikuwa ameshajaa ziwani, na miaka ya 90 viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza, pesa ikaingia mwaloni kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mvuvi mwenye pesa ya sangara hakutaka kata, alitaka chupa ya baridi mezani, kwenye baa yenye redio. Bia nayo ilikuwa imerudi, tena inatengenezwa hapa hapa mjini. Wakati huohuo wenye nyavu walitafuta mahali pa kuhifadhia, na jengo la mawe lenye sakafu ya kuoshwa ni mahali pazuri sana pa kuweka barafu na samaki. Vizimba vikafungwa kimoja kimoja, kila mama alipozeeka bila binti wa kumrithi. Namba 4 kilikuwa kati ya vya mwisho. Bibi alibeba mwiko wake akaenda nao nyumbani. Mwiko huo ninao, na sehemu ya chini imelika upande mmoja kwa kukwangua pipa, kwa sababu alikoroga kwa mkono wa kushoto.

Nimekaa na mwenye jengo tukazungumza, mimi na yeye, bila haraka. Ni mtu mwelewa, mzee wa biashara, na ana haki ya kupata kodi kwenye mali yake. Nilimwonyesha madoa ya masizi, mafiga, namba kwenye nguzo na dirisha la karani. Alikaa muda mrefu mbele ya lile dirisha akipitisha mkono ndani na nje. Tumekubaliana hivi: mfereji hautajazwa zege, utafunikwa kwa nondo zilizochomelewa ili maji ya kudekia yaendelee kutumia njia yake. Ukuta wa nyuma kwenye fremu ya mwisho hautapigwa lipu, mawe na masizi yatabaki yalivyo, na mafiga mawili, moja la chungu na moja lililopanuliwa kwa ajili ya pipa, yatazungushiwa kizuizi kifupi. Fremu hiyo ameitaka mamantilie mmoja, naye amefurahi kupata ukuta wenye jiko. Mabati lazima yatoke, yamekwisha. Kenchi zinabaki. Sehemu iliyoinuliwa juu ya paa nitaijenga upya kwa vipimo vyake vya zamani, na gharama ya mbao zake nimekubali kuibeba mimi.

Nguzo ndizo zinazobaki kujadiliwa. Tumekwangua chokaa hadi namba zote kumi na mbili zikaonekana, na mzee amekubali zisipakwe rangi upande huo. Mimi nataka chini ya kila namba liandikwe jina la mama aliyepikia hapo, na mahali alikotoka, kwa maana walitoka mbali na mbali: Magu, Ukerewe, Musoma, Bukoba. Kwa msaada wa kina mama wawili waliobaki hai mtaani nimepata namba 3, 4, 7 na 11. Zimebaki nane. Mafundi wa rangi wanaingia baada ya mvua za vuli. Kama mama yako, bibi yako au shangazi yako alipikia Kirumba, niambie kizimba chake, na kama alipika pombe ya mtama, ya ulezi au wanzuki, yaani pombe ya asali, nami nitaliandika jina lake pale kwa mkono wangu.